Nilimtuma soda mjomba wa mke wangu, nusura nikose pa kujenga: maisha ya Mkenya kijijini Mtwara

Wakuu, poleni na mihangaiko ya siku.

Leo sina siasa wala mpira. Nina kisa changu mwenyewe, na chumvi sitaongeza, kwa sababu mke wangu naye yumo humu jukwaani, anasoma kila ninachoandika, na hachelewi kuniumbua.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Nyandarua, kule kwa baridi na viazi. Nina miaka arobaini na moja. Huu ni mwaka wa tano naishi kijijini huku Mtwara, upande wa Nanyamba.

Nilikuja kufunga sola kwa mkataba wa miezi sita. Mkataba ukaisha, wenzangu wakarudi Nairobi, mimi nikabaki. Sababu ya kubaki inaitwa Somoe.

Nikasilimu, nikaoa, nikapewa jina la Yusufu. Ila kijiji kizima wananiita Mkenya tu, nimeshazoea.

Ndugu zangu kule nyumbani wanadhani nimejitupa porini. Huwa nawaambia, njoo ule ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, halafu ndiyo tubishane. Shida ipo, maji. Kiangazi tunanunua kwa madumu na unaoga kwa hesabu kali. Lakini tangu nihamie huku sijawahi kula peke yangu, na mtu akikuambia karibu chakula anamaanisha uketi unawe.

Kilichonisumbua mimi ni kitu kingine kabisa. Watu wa huku hawakwambii HAPANA.

Kwetu mtu akikataa, utajua kabla hajamaliza kukusalimia. Huku mtu anakataa huku anakutabasamia, anakuuliza habari za wazee, anakusindikiza mpaka njiani. Unafika nyumbani unafurahi. Kumbe umekataliwa zamani!

Sasa tuingie kwenye kisa.

Mwaka juzi tulikuwa tunakaa kwa wakwe, chumba kimoja. Somoe akawa mjamzito. Nikasema mtoto wangu hatazaliwa kwenye chumba cha kuazima, lazima tujenge kabla ya mvua. Nilikuwa nimeshaona pa kujenga, kipande kitupu nyuma ya shamba, pembeni ya mikorosho minne mikubwa.

Nikamfuata baba mkwe, Mzee Hamisi. Mtu mpole kupita kiasi. Nikamwambia baba, nataka kujenga pale.

Akaangalia pale. Akasema, "Haya mwanangu. Inshallah."

Mimi nikaelewa ndiyo. Wakuu msinicheke.

Jioni nikampa Somoe habari njema. Yeye hakushangilia. Aliuliza swali moja tu.

"Mjomba umemwambia?"

"Mjomba yupi?"

"Mjomba Athumani. Wa Msimbati."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, siku ya harusi.

Siku ile kulikuwa na kijana mmoja amevaa jezi na makubazi, mcheshi, yuko kila mahali. Mimi bwana harusi koo limekauka, nikamwona anapita. Nikamwita, "Dogo, hebu niletee soda baridi." Akanitazama, akatabasamu, akaenda, akaleta. Nikamwambia asante dogo, na nikampa chupa tupu airudishe.

Huyo ndiye alikuwa Mjomba Athumani.

Ni mdogo wa mwisho wa mama mkwe. Ana miaka thelathini na nne, yaani nimemzidi saba. Kaka yao mkubwa alishafariki, kwa hiyo yeye ndiye mjomba wa ukoo. Na familia hii, kama familia nyingi za Kimakonde, inahesabu ukoo upande wa mama. Mashamba yale yote ni ya upande wa mama mkwe. Baba mkwe mwenyewe alikuja kuoa pale, kama mimi tu. Kumbe nilikwenda kumwomba mgeni mwenzangu kiwanja, na kwa upole wake akaona aibu kuniambia.

Haya yote Somoe aliwahi kunieleza. Mimi niliyasikia vile mnavyosikia mambo ya shangazi wa rafiki yenu. Kwa akili yangu mjomba ni mtu wa kukuletea mkate na peremende siku ya sikukuu.

Basi nikamjibu mke wangu, "Yule dogo? Nitampigia."

Sikumpigia.

Nikaanza. Nikaongea na fundi wa kijijini, akasema kesho asubuhi na mapema. Kesho yake akawa na msiba. Kesho kutwa baiskeli yake imepata pancha. Siku ya tatu anaumwa, na mchana huohuo nikamwona anaanua muhogo juani, mzima wa afya.

Nikasema sawa, msimu wa korosho umeanza, watu wako mashambani. Nikachukua jembe na sururu nikaanza kuchimba msingi mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Huku ukionekana unahangaika na kazi, haipiti saa moja bila mtu kuja kukushika mkono. Mimi walikuwa wanapita, "Pole na kazi, Mkenya," wanaendelea na safari. Wanaume, wanawake, wote. Hata rafiki yangu Saidi, ambaye sola ya kwake nilimfungia bure, alisimama, akaniuliza habari za nyumbani, akaondoka.

Wiki mbili, wakuu. Peke yangu na shimo langu. Mawingu yanaanza kukusanyika, tumbo la mke wangu linakua, na msingi haufiki hata magotini.

Siku moja jioni tumekaa tunakula, mimi na baba mkwe na shemeji zangu. Uzalendo ukanishinda. Nikatupa tonge kwenye sahani. Nikasema kwa sauti, "Nyinyi watu ni wanafiki! Kama hamtaki nijenge semeni! Kwetu mtu anasema!"

Mzee Hamisi akaosha mikono taratibu, akasema, "Alhamdulillah," akanyanyuka akaenda kuswali. Hajashiba, naapa. Mzee wa watu alikuwa ndiyo kwanza amemega mara tatu.

Nilijisikia vibaya sana lakini kiburi kilikuwa bado kimenipanda. Nikaingia chumbani nikamwambia Somoe afungashe, tunarudi Kenya, mtoto atazaliwa kwetu.

Somoe hakupiga kelele. Alikuwa anakunja nguo.

"Wewe nenda," akasema. "Mimi mtoto wangu anazaliwa kwa mama yangu. Ukirudi utamkuta."

"Unaniacha?"

"Sijakuacha. Ila nilikuuliza mara moja kama umemwambia mjomba. Ukacheka. Mjomba wangu ukamwita dogo mbele yangu. Unataka nikakusemee mimi? Nimwambie nini, kwamba mume wangu hana mdomo?"

Wakuu, nimepigwa maneno maishani. Yale yaliingia.

Asubuhi niliamka nikiwa mdogo kama kidonge. Sasa, huku mkwe wa kiume na mama mkwe mnaheshimiana kwa umbali, hamkai mkapiga soga. Wangu katika miaka ile alikuwa hajaniambia maneno kumi. Asubuhi ile alikuwa uani anapepeta, mimi niko mlangoni. Akapaza sauti kumwambia binti yake, ambaye hata hakuwepo pale.

"Somoe! Mwambie mumeo Msimbati si Ulaya! Gari zipo!"

Halafu akaacha mfuko wa makopa karibu na mlango, akaingia ndani. Makopa ni muhogo uliokaushwa, kwa wasiojua. Watu wa pwani huku wanayapenda sana kutoka bara. Nikaelewa kwamba ule ni mzigo wa mdogo wake, na mpelekaji ni mimi.

Nikashika njia. Mtwara mjini, kisha Msimbati kule pwani, njia yote nafanya mazoezi ya neno moja.

SHIKAMOO.

Kwa Mtanzania hilo si neno la kuwaza. Mimi kwetu tunashikana mikono basi. Huku nilishajifunza kuwaamkia wazee, lakini kumwamkia mtu niliyemzidi miaka saba? Aliyevaa jezi? Lilikuwa linanikaba.

Nilimkuta anakaanga samaki, ndiyo biashara yake. Karai kubwa la mafuta, kinamama watatu wanasubiri, redio inaimba. Jezi ileile.

Nikasimama. Jasho linanitoka, si la moto.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuinua macho kwenye karai. "Marahaba. Dada hajambo?"

"Hajambo. Kakuletea makopa."

Akauchungulia mfuko, akatikisa kichwa kwa furaha. Nikaanza kuvuta kigoda nikae.

"Ngoja," akasema. "Kabla hujakaa, hebu niletee soda pale dukani. Baridi."

Mama mmoja akaziba mdomo kwa khanga. Mwingine akauliza, "Ndiye huyu?" Mjomba akamjibu, "Ndiye." Wakaangua kicheko mpaka samaki wakataka kuungua. Kumbe kile kisa cha harusini Msimbati nzima wanakijua, na mimi ndiye nilikuwa sijui!

Nikaenda. Nikaleta soda. Akanywa yote taratibu, akanipa chupa tupu nirudishe. Nikarudisha.

Niliporudi mara ya pili akanionyesha kigoda. "Haya, sema sasa."

Nikasema yote. Nikaomba radhi kwa soda, kwa msingi, na kwa kelele nilizompigia Mzee Hamisi juu ya chakula.

Athumani akafuta mikono.

"Kile kipande alikiacha marehemu kaka. Somoe alipomaliza darasa la saba, kaka akasema hapa atajenga huyu. Ile mikorosho minne kaipanda kwa mkono wake mwenyewe, kivuli cha mjukuu. Kiwanja kile ni cha mkeo tangu hakujui."

Nikasogeza kigoda.

"Sasa mbona mlinizuia?"

"Nani kakuzuia? Hukuja kusalimia tu. Ungekuja, ukakaa hapo, ukasema mjomba nataka kujenga, mimi ningesema jenga. Basi, imekwisha."

"Na nisingekuja?"

"Ungechimba mpaka utokee Msumbiji."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mengine yalikuwa machozi kweli.

Siku mbili baadaye Mjomba Athumani akaja kijijini. Kwanza nilikwenda naye kwa Mzee Hamisi, nikapiga magoti, mzee akasema, "Yameisha mwanangu, hata sikumbuki," na safari hii nilijua anamaanisha. Kisha mjomba akashuka kwenye shimo langu, akachimba majembe matatu, hayakufika manne, akatoka akakaa kivulini akaomba maji.

Aisee! Mnajua waliofika asubuhi ile? Saidi. Shemeji zangu wote. Na yule fundi mgonjwa, baiskeli nzima, anacheka kama hakuna kilichotokea. Wanawake wakaleta uji. Bati tulipiga mvua ya kwanza ikiwa bado haijashuka, na Somoe akajifungua mtoto wa kike tukiwa kwetu. Mjomba ndiye aliyekuja wa kwanza kumwona.

Ningeishia hapo uzi ungekuwa mzuri. Lakini kuna kitu kilinipata siku ile narudi kutoka Msimbati, na ndicho kilichofanya niandike.

Niko njiani, natabasamu peke yangu kama chizi, ghafla nikawaza: na mimi si mjomba?

Dada yangu yuko Nyandarua, analea watoto watatu peke yake. Sikujua mkubwa yuko darasa la ngapi. Nikapiga simu. Akapokea binti yake mkubwa, sauti sikuitambua.

"Ni mjomba hapa."

"Mjomba gani?"

Nikamwambia, yule wa Tanzania. Akasema, "Aa," kama mtu aliyekumbushwa jina la kijiji. Kisha akampa mama yake simu.

Tangu hapo nampigia binti huyo kila Ijumaa baada ya swala. Mwanzo alikuwa ananijibu sawa, sawa, kwaheri. Nikamsimulia kisa cha soda, akacheka sana, akaanza kunisimulia ya kwake. Mwezi uliopita alinipigia mwenyewe. Alikuwa amegombana na mama yake, anataka kuacha shule, na kabla ya kumwambia mtu yeyote ametaka kwanza kuniambia mimi.

Nikapokea, na hata sijasema neno, nikasikia:

"Shikamoo, mjomba."

Nyandarua hakuna shikamoo! Alikuwa ameifanyia mazoezi kwa ajili yangu. Nilisimama pale barazani, nikaitikia marahaba mara mbili.

Tukaongea saa nzima. Shule anaendelea.

Nilichojifunza mimi ni kwamba kwenye ugeni, anza na salamu, tena uende mwenyewe kwa miguu yako. Na ukiambiwa "haya", uliza ni nani mwingine wa kumwona.

Mlioolea au kuolewa mbali na kwenu, nanyi mwageni ya kwenu, nani mlimruka bila kujua? Na wajomba mliomo humu, watoto wa dada zenu wako darasa la ngapi? Jibuni bila kumuuliza dada.

Mimi naishia hapa, Athumani yuko njiani anakuja. Wacha nikimbie dukani nikamchukulie soda yake.