Jina Langu Lilivyokonda Ruiru

Waliokuwepo Jumapili hiyo ni hawa. Mimi, shosho wa upande wa baba, niliyetoka Thika na kiondo. Kitinda mimba wangu na mke wake, wenye nyumba, waliopanga ghorofa ya tatu huko Ruiru. Mama ya mkamwana wangu, yaani mkwe mwenzangu, aliyekuja huku kutoka magharibi akiwa msichana na kushona nguo kwenye viwanda vya Thika mpaka macho yakachoka. Binti yangu wa pili, shangazi ya mtoto, anayekaa Kahawa Sukari na aliyejifanya msimamizi wa sherehe bila kuombwa na mtu. Jirani wa mlango wa kushoto, ambaye si ndugu wa yeyote lakini huingia bila kubisha. Na mwenye siku yake, mjukuu wangu, aliyekuwa anafikisha miaka mitatu. Majina yao yote ninayo, pamoja na ya baba zao. Siyaandiki. Wengine bado nawahitaji.

Jambo moja la majina lazima niliseme, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini nilichemka. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Kwa hivyo mtoto huyu ni mimi. Mwanangu humwita mami, vile vile anavyoniita, na mimi humwita wajina. Akisifiwa, nimesifiwa. Na mwaka huo alikuwa anakonda. Shingo ilikuwa kama bua la mtama, nywele zimekuwa nyepesi za rangi ya kutu kama manyoya ya kifaranga. Jina langu lilikuwa linakonda huko Ruiru, mbele ya watu, ndani ya nyumba yenye friji.

Wiki mbili kabla ya hiyo sherehe tulikuwa tumewasindikiza mtoto na mama yake kliniki, mimi na mkwe mwenzangu. Muuguzi alipoita jina letu nikasimama.

"Si wewe, shosho," akasema, "ni huyo mdogo."

Watu kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. Akampima mtoto, akamwondoa kwenye mizani, akampima tena.

"Mama mtoto, huyu hajasonga tangu mara ile nyingine. Anakula nini?"

"Anakula, sista," akasema mkamwana wangu. "Anakula kile anapenda."

"Na anapenda nini?"

Hapo mkamwana akaangalia viatu vyake. Nikamjibu mimi: krispi, juisi ya chupa, biskuti, soseji, na ile yogati ya rangi ya waridi yenye picha ya tunda ambalo halijawahi kukanyaga kiwanda kinachoitengeneza. Mkwe mwenzangu akaona jina lake limechafuka, akaingilia kati: "Lakini uji anakunywa! Nilimsagia mimi mwenyewe." Na akautaja ule unga wake kama anayetaja ukoo wa wafalme. Mahindi, wimbi, mtama, muhogo, soya, njugu, omena, na mbegu za mchicha juu yake. Vyote vimesagwa pamoja kwenye posho mill, kwenye mfuko mmoja.

Muuguzi akashusha kalamu. "Mama, huo ni uji ama ni soko?"

Mimi nilifurahi, sitaficha. Muuguzi akaeleza taratibu kwamba tumbo la mtoto si gunia. Nafaka moja au mbili zinatosha kwenye uji, tena vitu hivyo haviivi kwa wakati mmoja, soya inabaki mbichi wakati wimbi limeshaungua. Omena apewe kwa chakula, njugu siku nyingine, yai, maharagwe, mboga ya kijani, parachichi, kila kitu kwa sahani yake na siku yake. Na vitamu vya pakiti viondolewe, kwa sababu vinajaza tumbo kabla chakula hakijafika. Kisha akanigeukia. "Na shosho, chai ya majani usimpe, hasa na chakula." Mkwe mwenzangu akakohoa kikohozi cha raha.

"Mkirudi mwezi ujao akiwa hivi," muuguzi akamaliza, "nitawaandikia mwende hospitali kubwa alazwe. Sitanii."

Nje ya lango nikamuuliza mwanangu kwa simu wanaanza lini. Akaniambia, "Mami, wacha kwanza bathdei ipite. Tutaanza Jumatatu." Hiyo Jumatatu naijua. Ndiyo ile ambayo walevi wa kwetu wataachia pombe.

Lakini nitasema ukweli, pakiti zile si wazazi peke yao walizinunua. Kwetu huendi kwenye nyumba yenye mtoto mikono mitupu. Nikiwa mdogo, mgeni alileta ndizi mbivu, au yai moja lililofungwa ndani ya leso, na mama akasema asante mpaka mgeni akaona haya. Siku hizi mgeni anasimama dukani chini ya ghorofa dakika ya mwisho na kunyakua kinachong'aa. Jirani wa mlango wa kushoto alikuwa akija kuomba chumvi, na hata chumvi aliiombea na biskuti mkononi. Shangazi akija na gari analeta mfuko mzima. Nilifungua kabati yao siku moja nikitafuta kibiriti, yakaniangukia mapakiti mpaka nikadhani nimeingia duka la jumla. Hivyo ndivyo mtoto alivyokuwa anakondeshwa, kwa heshima na kwa salamu. Ukimwambia mgeni asilete, unaambiwa una kiburi.

Basi Jumapili ikafika. Tukatoka kanisani, tukapanda ngazi mpaka magoti yangu yakaomba msamaha. Mezani kulikuwa na keki ya ghorofa mbili yenye rangi ya samawati. Nimelima miaka yangu yote, sijaona chakula cha samawati kikitoka ardhini. Kulikuwa na soda, soseji na krispi kwenye beseni. Nikatoa kwenye kiondo sufuria yangu iliyofungwa kwa kitambaa. Mukimo wa viazi, mahindi mabichi, maharagwe na terere, ule mchicha wetu, umepondwa laini, na kando parachichi mbili na ndizi.

Shangazi ya mtoto akachungulia. "Mami, kwani ni matanga? Hii ni bathdei ya mtoto."

"Shosho wa kijijini ameleta ushago," jirani akasema, mdomo umejaa krispi.

"Weka huko jikoni, mami," mwanangu akanong'ona. "Watu watakula baadaye."

Watu. Nilimwangalia mtoto. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, gauni linamcheza mabegani, amelamba juisi kidogo na kugeuza uso. Mama yake alikuwa ameshamjaribu na kijiko cha wali. Alikuwa amefunga mdomo kama mlango wa benki Jumapili.

Hapo shangazi akapiga makofi, akatangaza wakati wa kulishana. Mnajua sherehe zetu. Mwenye siku yake hakati keki na kula tu, anawalisha watu kwa mkono wake, kundi kwa kundi. Wanaitwa shosho, wanaitwa wazazi, wanaitwa mashangazi, wanaitwa majirani, na kila aliyeitwa lazima afungue mdomo, hata kama ana meno mabovu. Kukataa ni kumlaani mtoto.

"Tunaanza na mashosho!" shangazi akaita, kisu mkononi.

Nikasimama, nikaweka sufuria yangu mbele ya mtoto, juu ya kitambaa cha meza, mbele ya keki. "Mimi wajina wangu atanilisha hiki," nikasema. "Keki haina haraka, imepakwa rangi haiwezi kuoza."

"Mami!"

"Nimeitwa au sijaitwa?"

Mtoto akatumbukiza vidole, akachota mukimo, akauleta. Nikafungua mdomo. Yeye akaona mapengo yangu, akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Krismasi.

"Meza, shosho," akaniamuru. "Meza yote. Usiteme."

Maneno hayo alikuwa akiambiwa kila siku. Sasa yalikuwa yake. Nikameza, nikachota kidogo kwa kidole, nikamwambia, "Anayelisha naye hulishwa, ndiyo adabu." Akafungua mdomo. Akameza.

Mkamwana wangu alikuwa ameshika kijiko cha wali hewani. Mkwe mwenzangu, mwanamke ambaye sikubaliani naye hata juu ya mvua, ndiye aliyeelewa kwanza. Akapiga magoti mbele ya kiti cha plastiki na mgongo wake ule unaomuuma. "Na mimi ni shosho. Nilishe, mama yangu, nina njaa sana!" Akalishwa, akamlisha. Kisha nikaita mwenyewe, kwa sababu msimamizi alikuwa amepoteza sauti: wazazi! Mwanangu akaja, akaambiwa ameze, akameza. Shangazi! Akaja na kucha zake ndefu na midomo yake iliyopakwa rangi, akafungua. Majirani! Huyo wa kushoto akakunja uso.

"Mimi terere hunisumbua tumbo."

"Fungua mdomo," mtoto akamwambia kwa ukali. "Unataka kulazwa?"

Alikuwa amesikia yote, kumbe. Watoto husikia. Jirani akafungua, na mkamwana wangu akageukia ukutani akifuta macho kwa ncha ya leso.

Mtoto akatulisha mzunguko wa pili bila kuitwa mtu, na kila mara alirudisha kidole mdomoni mwake. Akamaliza na nusu parachichi. Kisha akalala begani kwa mkwe mwenzangu, mikono ya kijani, kabla keki haijakatwa. Keki wakala wakubwa. Iliwapaka ndimi rangi ya samawati na wakaenda hivyo barabarani mchana kweupe.

Jikoni mkamwana wangu aliniambia, "Mami, umeniaibisha mbele ya watu."

"Aibu yako itapona," nikamwambia. "Kunja mikono ya gauni, tuoshe sufuria."

Akaosha. Na Jumatatu, kweli, alianza. Waligeuza kila mlo kuwa kulishana, mwanangu akitoka kazini ameketi chini akiambiwa ameze. Mlangoni mkamwana aliwaambia wageni, hata shangazi, kwamba pakiti zinabaki nje na viatu. Wengine walinuna. Wanune. Jirani wa kushoto siku hizi huomba chumvi akiwa na yai.

Mwezi ulipoisha muuguzi akaita jina letu, na safari hii sikusimama. Mtoto alipanda mizani mwenyewe. Sindano ya mizani ilikuwa imesonga. Si sana, muuguzi alisema, lakini imesonga, na hospitali kubwa hakutuandikia. "Endeleeni hivyo hivyo, msilegeze," akasema, na mkwe mwenzangu akajibu kwa niaba ya wote kana kwamba sufuria ilikuwa yake.

Sasa huyo mkwe anawaambia watu kanisani kwao kwamba yeye ndiye aliyelishwa wa kwanza siku ile, na kwamba terere ilitoka kwenye shamba lake. Mimi nakumbuka nilivyoandika. Lakini umri ni umri. Kama ulikuwepo kwenye hiyo sebule na uliona vingine, kama nimemsahau mtu au nimemweka mtu mahali ambapo hakukaa, njoo Thika unisahihishe, nitakusikiliza. Ila ukinikuta na mjukuu, usije na juisi. Njoo na ndizi, au njoo mikono mitupu, mimi nimekuruhusu.