Miwani inayojibadili rangi, na siku mama yangu alipoyaona macho ya mke wangu

Habari za mapumziko wakuu.

Haya yametokea ndani ya nyumba yangu. Sina sababu ya kuongeza chumvi, na mke wangu, Mama Neema, mwenyewe ameniruhusu kuandika.

Mimi ni fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nazunguka Geita mpaka Buseresere, lakini makazi ni Nyasubi, Kahama. Mke wangu Mama Neema ni mwalimu wa shule ya msingi. Ni mtu mwenye ualbino.

Mwanga unamsumbua sana, kwa hiyo tangu nimfahamu anavaa miwani nyeusi tii, nje na ndani. Darasani nayo, kanisani nayo.

Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la miwani pale mjini akanionyesha lensi za plastiki zinazobadilika zenyewe. Akatoa moja juani, ikawa nyeusi. Akairudisha ndani, taratibu ikawa nyeupe.

"Ndani ya plastiki kuna dawa," akaniambia. "Miale ya UV ikiigusa inabadilika umbo, inazuia mwanga. Ukiingia kivulini inarudi ilivyokuwa. Lakini ipe dakika kadhaa, bwana, haina haraka. Na kofia asiache."

(Kwa wenye magari: kioo cha mbele kinazuia hiyo miale, kwa hiyo ndani ya gari haziwi nyeusi sana. Msije mkasema mmeuziwa feki.)

Nikachukua vipimo vyake vya kliniki ya macho, nikaagiza. Nilitaka iwe surprise.

Siku ya kwanza kuivaa shuleni alirudi nyumbani jioni. Akaweka mkoba, akakaa.

"Watoto wamecheka," akasema. "Miwani ilipokuwa nyeupe wakaona macho yangu yanavyocheza."

Wakuu, wengi wenye ualbino macho yao hutikisika yenyewe, hawawezi kuyazuia. Mimi nilishazoea, hata siyaoni tena yakitikisika. Kumbe yeye ile miwani nyeusi ilikuwa pia pazia lake.

Akaniuliza, "Baba Neema, uliinunua kwa ajili ya macho yangu au ya kwako?"

Aliifungia kwenye droo, akarudi kwenye ile nyeusi.

Baadaye mama yangu akaugua kule Samuye. Sukari, na kidonda mguuni. Tukaenda.

Hapa niseme wazi: mama na mke wangu hawakuwa na ugomvi, ila hawakuwa na mazungumzo. Salamu, basi. Mama aliwahi kumwambia dada yangu kwamba mkwe wake ana maringo, anaongea na wakubwa huku kajificha nyuma ya vioo.

Tulipofika, mke wangu akapiga goti mlangoni, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwadila mayu."

Mama akaitikia kwa sauti ndogo. Chumba kile kina dirisha dogo tu, ukisogea mbali nalo ni giza. Kidonda kilikuwa kimefungwa kitambaa kilichoshikana na ngozi, na muuguzi wa zahanati alikuwa ametuelekeza kukisafisha pole pole.

Mke wangu alikuwa amevaa ile nyeusi, akainama kubandua kitambaa, akakosea, akagusa kidonda. Mama akaguna kwa maumivu.

Akasimama, akasogea dirishani. Akafungua mkoba, akatoa ile niliyomnunulia. Sikujua hata kama ameibeba. Akaivaa, akainama karibu kabisa na mguu, akaanza kulowanisha kitambaa kwa maji ya chumvi.

Pale dirishani miwani ilikuwa imeshika weusi kidogo. Kadiri alivyoendelea kusafisha kule gizani, weusi ukawa unafifia. Mama alikuwa anamtazama usoni tu. Mimi nimeshika beseni.

"Kumbe una macho," mama akasema.

Mke wangu akaacha mkono hapo hapo.

"Ninayo, mama. Yanacheza, siwezi kuyazuia. Niliogopa ungecheka."

Mama akautazama mguu wake.

"Mguu wangu unanuka, na wewe hujaziba pua. Nitakucheka nini mimi?"

Kisha akaniambia mimi nisogee, namzibia mkwe wake mwanga.

Nilitoka nje na lile beseni, wakuu. Nikamwaga maji, nikakaa kwanza.

Sasa hivi ana miwani zote mbili. Darasani aliwaeleza watoto mwenyewe kuhusu macho yake. Wengine bado wanacheka, wengi wamezoea. Kuna siku anavaa nyeusi na simuulizi.

Nilichojifunza: kitu kinaweza kuwa kizuri kweli, lakini lini mtu aonekane ni uamuzi wake. Nilipaswa kumuuliza kabla ya kuagiza.

Wenye ualbino humu, au mnaoishi nao, nyie mnavaa zipi? Na kwenye joto la mchana, ambalo nasikia huzipunguza weusi, zenu zinakolea vizuri? Nasoma kila kitakachoandikwa, na yeye yuko hapa pembeni anasoma pia.