Matone ya Siku ya Kumwona Daktari

Kwenye kliniki moja ya macho hapa Bukavu, nilimwona daktari akimpima presha ya macho maman mmoja kutoka Kasha. Presha ilikuwa nzuri. Kisha akainua kidole pembeni mwa uso wa maman. Maman hakukiona. Akakisogeza karibu, bado hakukiona. Sisi wagonjwa wengine tuliokuwa benchini tukanyoosha shingo kutazama.

“Maman, ile dawa ya matone ya kushusha presha unawekaka kila siku?”

“Hapana, docteur. Nawekaka siku ya kuja hapa, kusudi ukute macho iko muzuri.”

Daktari akashusha mkono polepole. “Maman, nguvu ya kuona yenye imepotea haitarudi. Tuchunge yenye imebakia.”

Msomaji, sote pale benchini tulikuwa tumevaa nguo za misa. Tunataka daktari atukute wazima, kana kwamba mgonjwa ni yeye.