Kona ya Ngazi za Fundi Anselmi

Fundi Anselmi alizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge, na ujenzi alijifunza kwa kuziba nyufa za nyumba za manamba. Shamba lilipofungwa alihamia Kilosa mjini na mwiko wake na timazi. Mwaka 1994, kila mwenye kiwanja alipokuwa akijenga nyumba ya kupangisha, nami, mwalimu mjane, nilimwita.

Marehemu mume wangu, Vitalis, alikuwa mkuu wa stesheni, na jina lake halikuwa na doa. Nilitaka ghorofa lenye jina hilo: familia nane kuzunguka ua mmoja, bomba katikati, watoto wacheze mama zao wakiwaona. Ramani nilichoresha kwa kijana mmoja wa Morogoro.

Anselmi hakuchimba msingi. Aliichora ramani yote chini kwa majivu, kwa vipimo vyake halisi, akawa anatembea ndani yake siku mbili nzima. Wapita njia wakaanza kusimama.

"Shemeji, ndilo ghorofa hilo?" aliuliza Bonifas, mdogo wa marehemu. "Mvua ikinyesha wapangaji watahamia wapi?"

Watu wakacheka. Nikamwita fundi pembeni.

"Unanitia aibu. Kuna nini?"

"Mwalimu, mtu akifia juu, atashukaje?"

Aliazima mlango wa zamani, wanaume wanne wakaubeba begani kama jeneza, wakazifuata ngazi za majivu. Kwenye kona mlango ulikataa kugeuka. Wa nyuma walijikuta wamekanyaga ukuta wa majivu.

"Kule Magole nilijenga ngazi za hivi," Anselmi alisema kwa sauti ndogo. "Bibi wa watu alishushwa dirishani kwa kamba, waombolezaji wakitazama kutoka uani. Mpaka leo mtaa ule sipiti."

"Huyo mchoraji wa Morogoro kasomea wapi?" Bonifas alifoka. "Tumtangaze, asiharibu nyumba za wengine!"

Mchoraji alikuwa amechora ngazi pana. Ni mimi niliyemwandikia azibane, ili chini nipate chumba cha duka. Anselmi aliwahi kuiona ramani ile ya kwanza mezani kwangu. Sasa alikuwa ametazama chini tu, kopo la majivu mkononi. Ningeweza kunyamaza. Morogoro ni mbali, na mimi ni mwalimu, nani angenibishia?

Lakini kijana wa watu angekosa kazi ili jina langu libaki safi.

"Bonifas, acha. Kona hiyo niliiagiza mimi."

Nilivua kiatu, nikafuta kwa mguu mistari ya duka, mmoja baada ya mwingine. Anselmi akanifuata nyuma akimwaga majivu upya, ngazi zikapanuka.

"Haya," Bonifas aliwaambia wabebaji bila kunitazama, "bebeni mlango."

Safari hii waligeuka vizuri, wakautua taratibu katikati ya ua, mahali watu watakapokaa siku ya msiba.