Jani la Isale kwa Ajili ya Tomi

Juzi mpwa wangu wa pale mjini Moshi alinipigia simu. Anaachana na mumewe. Vyombo wamegawana, kiwanja wamegawana, wamekwama kwenye paka. Wewe labda ungecheka. Mimi nilivuta kiti nikakaa, nikamkumbuka Tomi.

Tomi alikuwa mbwa wetu kule Uru, mwekundu, sikio moja limekatika. Asubuhi alinisindikiza kukata majani ya ng'ombe, jioni alingoja ukoko wa kiburu, zile ndizi na maharage ambazo mama alizisonga huku jiko limejaa moshi. Miaka ile baba aling'oa kahawa akaingia kwenye mitumba. Mama hakuafiki. Wakaanza kununiana, na kununiana kukawafikisha kwenye kikao cha ukoo.

Nilijibanza nyuma ya banda la ng'ombe nisikilize. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka sana kujua watu wanaachanaje. Kumbe ni upesi tu: watoto tubaki kwa baba, mama arudi kwao Mwika na mbuzi wake na masufuria. Ugomvi uliwaka walipofika kwa Tomi.

"Mbwa ni wa kulinda kihamba, hili shamba la ukoo," baba alisema.

"Nimemlea tangu hajafumbua macho," mama akajibu.

Mpaka leo sielewi vizuri kwa nini mimi niligawiwa kimya kimya na mbwa akagombaniwa mchana kutwa. Niliona wivu, nakwambia kweli. Wazee wakachoka, wakaahirisha hadi kesho yake.

Lakini huruma ilizidi wivu, maana mama angeondoka peke yake. Asubuhi nikakata jani la isale kwenye ua wa mpakani. Kwetu, anayekuletea isale lililofungwa fundo anakuomba msamaha, na humkatai. Jirani aliwahi kumletea bibi, ugomvi wa miaka ukaisha palepale. Nikafunga fundo langu, nikampelekea baba kwa mikono miwili.

Alilipokea. "Unaomba nini, mama?" aliniuliza.

"Mama aende na Tomi."

Baba akasema, "Haya," akaingia ndani. Mchana ule Tomi akashuka mlima na mama, shingoni kamba ya mgomba, mkia ukicheza.

Simu ya mpwa wangu ilinirudisha Uru. Ua wa isale haupo tena, umejengwa ukuta wa tofali. Nilimpa baba shikamoo, tukanywa chai, nikamuuliza kwa nini siku ile alikubali haraka vile.

"Nilipoliona isale nilidhani unamwombea mama yako abaki," alisema. "Nilikuwa nimeshakubali moyoni. Wewe ukaomba mbwa."

Nilitazama ule ukuta, nikalia. Ua wote ule ulijaa majani, nami nilikata moja tu.