Jiwe la Bibi na Chupa ya Mwalimu

Leo asubuhi mafuta ya nazi yameganda chupani. Nimetikisa weee, hayatoki. Hasira zikanipanda, wala si kwa mafuta. Nimemkumbuka mwalimu wetu, Mungu amsamehe, maana chupa kama hii nusura imkoseshe bibi yangu kitoweo.

Ilikuwa baridi ya kusi kama sasa, miaka ile habari za gesi ndiyo kwanza zinaingia kijijini kwetu, upande wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Mwalimu alileta chupa darasani, akaipasua. Kioo kikaanguka, mafuta yakabaki yamesimama. Akasema milima ya moto nayo ndivyo: uji wa mawe huganda kooni mwa mlima, moto hufa, kisha mvua na bahari hula udongo wa pembeni miaka na miaka, mpaka koo gumu libaki peke yake ufukweni. Hapo angenyamaza! Akanyoosha kidole dirishani: "Kama jiwe letu lile."

Watoto tukapeleka habari nyumbani, nusunusu kama kawaida yetu. Kufika magharibi kijiji kizima kinajua jiwe lile ni kizibo, chini moto, na sasa juu ya hayo kuna gesi.

Na chini ya jiwe hilo ndipo lilipokuwa shimo la pweza la bibi. Kwetu shimo lina mwenyewe. Lake aliachiwa na mama yake. Lakini ukiacha kulichokoa kwa chuma chako, basi, ni halali ya atakayelikuta.

Bamvua ilipofika, maji yakakupwa mbali, jirani yetu akasimama njiani, mikono kiunoni.

"Bibi, weka chuma chako chini! Utatulipua sote!"

"Nalichokoa tangu sijaota maziwa. Mbona sijaungua?"

"Zamani hakukuwa na gesi."

"Ilikuwapo, ila hamkuambiwa."

Mwalimu akaitwa. Sikatai, alijitahidi: moto ulishakufa, jamani, zamani sana. Jirani akamuuliza, "Ulikwenda kuuzika?" Watu wakacheka. Wallahi walinichosha.

Bibi akapita katikati yao, mimi nyuma na ndoo. Akaingiza chuma, watu wakaziba masikio, akatoka pweza. Jioni nani alitangulia na bakuli? Yuleyule jirani. Bibi akamkatia mnyiri, mkono mzima wa pweza, mnene kuliko wangu.

Baadaye sana kijana mmoja wa kupima ardhi aliniambia jiwe lile ni matumbawe ya kale, halijawahi kuona moto. Bahari imelila kiunoni tu. Basi mwalimu alikosea jiwe, milima hakukosea. Na jirani? Sijui kama namtendea haki. Aliogopa kitu cha kweli, ila kikaingilia mlango mwingine. Gesi haikutulipua, ilituhamisha. Tuko bara sasa, mbali na maji, na uzio wa kampuni ya gesi umepita kati yetu na jiwe.

Bibi alifia huku. Chuma chake kiko nyuma ya mlango wangu, kinaota kutu. Shimo limeachwa bamvua nyingi. Kwa desturi yetu ni halali ya atakayelikuta. Hakuna anayefika kulikuta.