Kitambaa Kisicho na Nyuma

Kwetu, milimani juu ya Mlalo, msichana alipimwa kwa vitambaa vyake. Wageni wa posa walikuta kila kiti kimevishwa kitambaa cha kufuma, na kabla chai haijamiminwa, shangazi wa upande wa mwanamume alinyanyua kimoja na kukigeuza. Mbele kila mtu anaweza kupamba. Nyuma ndiko kwenye mafundo, nyuzi zilizorukishwa na uvivu wote. Msichana wa jirani yetu aligeuziwa kitambaa chake, shangazi akaguna, na posa ile ikaishia kwenye chai.

Vya kwangu, nyuma vilikuwa kichaka. Sikuwa mvivu, subira tu ndiyo sikupewa. Nilipenda kujaribu: nianze ua kwa sindano ya ndoano, katikati nihamie kwenye kudarizi, nichomeke sufu mahali pa pamba nione kutatokea nini. Mama alisema mvumilivu hula mbivu, nami nikamjibu kwamba asiyejaribu hula zile zile za jana. Hakupenda jibu hilo.

Basi akatokea kijana mmoja, mwalimu wa kisomo cha watu wazima pale kijijini, nami nikampenda bila kujizuia. Aliponiambia kwamba jamaa zake wangekuja baada ya mavuno ya maharage, furaha yangu ilidumu mpaka nilipomkumbuka shangazi yake. Isitoshe, uzi wa kufumia haukuwapo. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi na majembe, uzi hakuna, na Lushoto mjini vilevile.

Baba alinisikia nikilalamika jikoni. Akaingia chumbani, akatoka na sweta lake la kijani, alilonunua zamani alipokuwa akifanya kazi kwenye shamba la chai, akaniwekea mapajani.

"Si tunaambiwa tujitegemee?" akasema. "Fumua."

Nilikataa, maana baridi ya Juni ilikuwa imeanza na hakuwa na sweta lingine. Akaanza kulifumua mwenyewe kuanzia mkononi, huku akicheka, ikabidi nishike uzi usije ukajitatiza. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka naye.

Sufu iliyofumuliwa hujikunja. Niliizungusha kwenye kijiti nikaishika juu ya mvuke wa sufuria ya makande mpaka ikanyooka, na kwa siku kadhaa ilinukia maharage. Kisha nikakaa nikafikiri kwa hasira: kama tatizo ni nyuma, basi nyuma isiwepo. Nikafuma kitambaa cha kijani, kila mkia wa uzi nikauzika ndani ya mishono. Juu yake nikadarizi maua kwa sufu nyekundu ya soksi kuukuu: sindano inakwenda ikiruka nafasi, halafu inarudi kuzijaza, hivyo ua linatokea huku na huku sawasawa. Nilifumua mara nyingi kuliko nilivyofuma, na sijawahi kufurahia kazi kama ile.

Siku ikafika. Shangazi wa yule mwalimu, mama mrefu asiyecheka ovyo, aliitikia shikamoo yangu, akaketi, akanyanyua kitambaa. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Mama yangu alisimama na birika mkononi, amesahau kumimina. Shangazi akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akakigeuza mara nyingine, akamwuliza mwenzake jambo kwa Kishambaa, na mwenzake akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akasema, "nyuma ni wapi?"

"Shangazi, hakina nyuma."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga. Akasema ataondoka nacho, maana kwao hawataamini, na kwamba nitamfundisha nikishahamia. Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa nimekubaliwa. Pembeni baba alikuwa akitabasamu, amekunja mikono ndani ya shati lake jepesi, anatetemeka kidogo.

Sufu ya kwanza niliyopata nikiwa kwangu, mume wangu aliitoa Tanga. Nilimfumia baba sweta kwa mtindo ule ule, nje na ndani sawa. Alilivaa mpaka viwiko vikatoboka, Jumapili hii upande huu, Jumapili ijayo upande ule. Ibada ikiisha aliwasimamisha watu mlangoni mwa kanisa, akanyanyua pindo, akawauliza nyuma ni wapi.